Chemchemi Tuliyoificha

Katika kila mji nilioishi, na nimeishi katika mingi kuliko inavyomfaa mtu wa umri wangu, swali langu la kwanza kwa mwenye nyumba ni hili: maji ya hapa yanatoka wapi? Wengi hunionyesha bomba. Nikiuliza yalikuwa wapi kabla ya kufika kwenye bomba, hunitazama kama mpelelezi. Mwenye nyumba mmoja wa Kigoma alinijibu, "Bwana, umekuja kupanga chumba au kununua mlima?" Nilicheka naye, lakini jioni nilipanda mlima wenyewe nikatafuta mpaka nikaona mahali maji yanapochungulia kutoka kwenye mawe. Usiku ule nililala vizuri.

Sasa nimevuka arobaini na bado sijatulia mahali. Tabia hii niliipata Gisenyi, mji ulio kando ya Ziwa Kivu, katika miaka ya hamsini, nilipokuwa kijana wa miaka ishirini na mmoja na mama yangu akiwa dobi.

Tuliishi katika mtaa wa Waislamu, chini kabisa ya kilima. Baba alikuwa fundi cherehani. Alifariki nikiwa Tabora kwa mjomba, ambako nilipelekwa kusoma na nikafika sekondari. Niliporudi nilimkuta mama amejishika kwa kazi ya kufua. Alifua nguo nyeupe tu. Za rangi aliwaachia wengine. Mashuka ya wazungu waliokuja kupumzika ziwani yalikuja kwake, na kanzu za mapadri zilishuka kutoka misheni ya Nyundo zikiwa zimefungwa vizuri kwenye kikapu. Kamba zake za kuanikia zilizunguka uwanja wote, hata mgeni alilazimika kuinama mara tatu kabla ya kufika mlangoni.

Watu hushangaa nikiwaambia kwamba dobi huyu, aliyeishi hatua mia chache kutoka ziwani, hakufua na maji ya ziwa. Maji ya Kivu yana chumvi yake. Ulimi hauisikii, lakini sabuni inaijua. Unasugua na kusugua, povu halitoki, na shuka likikauka linasimama lenyewe kama ubao, halafu baada ya miezi michache linakuwa na rangi ya jivu. Mama alitumia maji ya kijito kilichopita nyuma ya nyumba yetu. Kijito hicho kilitoka kwenye chemchemi iliyokuwa juu ya kilima, mwendo wa kama robo saa, ndani ya shamba la bibi mmoja mjane aliyelima maharage na ndizi.

Chemchemi ilikuwa na midomo miwili kwenye jiwe moja kubwa. Mdomo wa juu ulikuwa mpana, mkono wangu uliweza kuingia hadi kwenye kiwiko. Wa chini ulikuwa mwembamba kama shingo ya chupa. Karibu maji yote ya mama yalitoka ule wa juu. Yalikuwa laini, ukinawa mikono kwa sabuni ulihangaika kuiondoa. Bibi mwenye shamba hakumdai mama kitu, na mama hakupanda kule bila kipande cha sabuni ndani ya khanga. Walikuwa wakitaniana saa nzima, mama kwa Kiswahili chake cha mtaani na bibi kwa Kinyarwanda, kila mmoja akijifanya kwamba lugha ya mwenzake haieleweki.

Muda mfupi baada ya mimi kurudi, kampuni moja ya wazungu ilianza kutoboa kilima chetu. Walikuwa na kiwanda cha kahawa upande wa ziwa na walitaka maji ya kuzungusha mashine. Mto waliouhitaji ulipita upande wa pili, ule wa kuelekea Kanama. Kwa hiyo waliamua kuchimba handaki, yaani njia ya chini kwa chini, kutoka mtoni hadi juu ya kiwanda, ili maji yapite ndani ya kilima badala ya kukizunguka. Vijana wengi wa vilimani waliajiriwa kupiga nyundo na kubeba mawe. Mimi, kwa sababu ya shule yangu, nilipewa kazi isiyochafua shati.

Aliyenipa kazi ni mhandisi, mzungu mrefu mwenye sauti ya chini. Kifaransa sikukijua, na Kiingereza changu cha Tabora yeye hakukitaka, kwa hiyo tulikutana katika Kiswahili alichokiokota Kongo. Alinikabidhi ndoo yenye alama ndani, saa ya kuning'iniza shingoni na daftari gumu. Akanionyesha kwenye ramani chemchemi zote za kilimani, zilizokuwa kumi na moja.

"Bon," alisema. "Unaweka ndoo. Unaangalia saa. Ikijaa, unaandika. Kila juma. Basi."

Nikasema ndiyo. Sikuuliza kwa nini. Nimejiuliza mara nyingi baadaye kwa nini sikuuliza, na jibu halinipendezi: nilifurahia saa.

Usiku wa kuamkia siku ya kupima chemchemi yetu, nilimweleza mama wakati wa kula. Aliacha kutafuna.

"Banapima maji? Juu ya nini?"

"Sijui."

"Hawakukuambia?"

"Walisema ndoo, saa, kuandika."

Mama alianza kukusanya vyombo. Ili umwelewe, lazima nieleze jinsi watu wa kwetu walivyoijua hesabu ya serikali. Walikuja kuhesabu wanaume, ikawa kodi ya wanaume. Wakaja kuhesabu ng'ombe, ikawa kodi ya ng'ombe. Ikawa desturi kwamba ikisikika kuna mtu mwenye daftari anapita vilimani, mbuzi wa kijiji kizima wanaondoka alfajiri. Ukimuuliza mtu mbuzi wake wako wapi, anakujibu bila hata kutabasamu kwamba wamekwenda Cyanzarwe kusalimia jamaa. Kila mtu alijua, na hakuna aliyeona haya. Kuficha kitu kwa mwenye daftari kulikuwa kama kufunika chakula nzi wasikitulie.

Asubuhi nilipanda na ndoo yangu. Nilimkuta mama amefika kabla yangu. Yeye na bibi mwenye shamba walikuwa wamekaa juu ya jiwe, bega kwa bega. Jambo hilo peke yake lingetosha kunishtua, maana sikuwahi kuwaona wamekaa. Mdomo wa juu ulikuwa mkavu. Walikuwa wameuziba kwa udongo na majani ya mgomba, na juu yake wakapanga mawe yenye utando wa kijani ili yaonekane ya zamani. Maji yenyewe walikuwa wameyapitisha pembeni, kwenye mfereji uliojificha chini ya majani mapana ya majimbi. Mdomo wa chini pekee ndio uliokuwa ukitiririka, taratibu.

"Karibu, bwana mupimaji," alisema mama, kama mtu ambaye hakunizaa.

"Mama, maji imeenda wapi?"

"Maji gani? Si hii hapa?"

"Ile ingine."

"Ile ingine iko safari. Imeenda kusalimia jamaa."

Bibi aliziba mdomo kwa kiganja, mabega yakatikisika. Kisha akasema kwa Kinyarwanda, kwa sauti ya huzuni kubwa ya uongo, "Andika, mwanangu. Andika kwamba sisi ni maskini wa maji."

Nikaweka ndoo chini ya mdomo mwembamba. Ilichukua karibu dakika nzima kujaa. Nikaandika hivyo. Nilikuwa nimeoga kwenye ile chemchemi tangu utotoni, nilijua inavyopaswa kuijaza ndoo ile kabla sijahesabu hadi kumi. Lakini mama alikuwa akinitazama, na ndani ya moyo nami niliamini kama yeye. Mzungu gani angelipa mtu kupanda kilima kila juma, kama hakuna kodi mwishoni?

Ikawa kila Jumatatu. Mama alikuwa akitoka kabla ya jua, wanaziba, mimi nafika, napima, naandika, halafu sisi watatu tunazibua pamoja na maji yanaruka yakituloanisha. Bibi alichoma mahindi. Mama, ambaye tangu kifo cha baba hakuwa akicheka sana, alicheka. Sitasema uongo hapa: zile Jumatatu ni kati ya siku zangu njema za ujana.

Wakati huohuo handaki liliendelea. Nilipita pale kila Jumamosi kumpa mhandisi daftari, na nikafanya urafiki na kapita, yaani msimamizi wa wachimbaji, mtu mfupi wa upande wa Kongo aliyewahi kufanya kazi katika migodi ya Katanga. Aliniita Bwana Ndoo. Yeye ndiye aliyenifundisha kuingia ndani bila kuogopa. Walitoboa jiwe kwa patasi ndefu na nyundo, wakajaza baruti, wakatoka, ikalipuka, wakarudi kubeba vifusi kwa toroli. Mwanzoni jiwe lilikuwa kavu. Halafu likaanza kutoa jasho. Halafu likawa linadondosha, na wachimbaji wakavaa magunia kichwani kama wanawake wanaokimbia mvua.

Masika yalikuwa yanaisha siku walipofikia ufa. Sikuwapo, lakini nilifika saa chache baadaye na kuwakuta nje, wameloa, wanatetemeka na kucheka. Baada ya mlipuko ukuta wa mbele ulikuwa umepasuka toka juu hadi chini, na maji yakatoka kwa nguvu kama yamefunguliwa mlango. Yalifika magotini. Yalikuwa baridi na safi kabisa mpaka yalipochanganyika na vumbi la mawe yakawa kama maziwa yaliyoharibika.

"Bwana Ndoo!" kapita aliniita. "Leta ndoo yako hapa tuone kama itatosha. Mulima imetukojolea!"

"Labda mumeushitua."

"Tumeugusa fasi mubaya, pahali pa haya. Hata we ungekojoa."

Kwa siku kadhaa kazi ilisimama. Walichimba mtaro pembeni ya sakafu ili maji yatoke kwenda mtoni. Baada ya wiki mbili maji yalipungua, yakawa yanatoka kwa kiasi, na kila mtu akafurahi. "Imechoka," walisema. Nami nilifurahi pamoja nao, bila kujiuliza ni nini hasa kilichokuwa kinakwisha.

Ilikuwa kama mwezi baadaye mama aliponiambia kwamba maji yamekuwa mavivu. Kiangazi kilikuwa kimeanza, kwa hiyo hatukushangaa sana. Lakini kiangazi cha kila mwaka kiliinyima chemchemi kidogo tu. Safari hii mdomo wa juu ulishuka juma kwa juma. Jumatatu moja walipofika kuuziba, hakukuwa na cha kuziba. Mama aliingiza mkono hadi kwenye kiwiko, akautoa una unyevu wa udongo tu. Hakuna aliyefanya mzaha siku hiyo.

Mdomo wa chini, ule mwembamba, uliendelea kama zamani. Nikaweka ndoo, nikatazama saa. Karibu dakika nzima. Nikaandika namba ileile niliyokuwa nikiiandika tangu masika.

Jumamosi nilimkuta kapita amekaa juu ya toroli iliyopinduliwa, anakula mkate.

"Sasa kitabu yako njo itafanya kazi," alisema; kwa watu wa huko njo ni ndiyo.

"Kazi gani?"

Aliacha kutafuna akanitazama. "We hujue? Miezi yote hii unabeba ndoo, hujue?"

Akanieleza. Mlima, alisema, ni kama mtungi wa pombe. Mvua inaujaza polepole kutoka juu, kupitia udongo na nyufa za mawe, na chemchemi ni pale mtungi unapomwagika ukijaa. Ukiutoboa chini, leo juu huoni kitu. Kesho unaona. Kwa sababu hiyo serikali ilikuwa imekubaliana na kampuni: chemchemi yoyote itakayopoteza nusu ya maji yake, kampuni itaziba kwa saruji mahali pale ndani ya handaki yanapovujia. Ndiyo maana zilipimwa kabla. "Bila kitabu," alisema, "kila mutu atakuja kulia hapa, hata mwenye hakukuwa na maji."

Niliingia kwa mhandisi. Alikuwa ameweka alama kwenye ramani. Chemchemi mbili za upande wa Kanama zilikuwa zimeshuka, nazo zingeshughulikiwa. Kisha akaweka kidole kwenye chemchemi yetu, akafungua daftari langu, akateremsha kidole kwenye safu ya namba zangu, zote sawa.

"Hii nzuri," alisema. "Masika, kiangazi, sawasawa. Kwa hiyo ufa hauendi huko. Hapa hatuhitaji saruji."

Nikashika njia ya nyumbani.

Nyumbani nilimweleza mama yote. Alisikiliza akiwa amesimama kati ya kamba tupu. Nilitegemea alie au anikaripie. Aliuliza swali moja tu: "Ukisema kweli, utafukuzwa?"

"Nafikiri."

"Na yule bibi? Si watasema alidanganya serikali? Watamukamata mwenye shamba kwanza."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Tukanyamaza siku nane. Siku hizo kijito kilikauka kabla ya kufika kwetu, na mama alichota maji ziwani, asubuhi na jioni, akachemsha, akachuja kwa kitambaa, akaacha yatulie usiku kucha. Alijaribu majivu, alijaribu kuongeza sabuni. Kanzu za mapadri zilipelekwa Nyundo na baada ya siku mbili zilirudi zikiwa kwenye kikapu kilekile. Mpishi aliyezileta alikuwa mtu wa adabu. Alisema tu kwamba labda kulikuwa na haraka. Mama alizifunua moja moja kwenye mwanga. Zilikuwa na rangi ya ugali wa mtama. Mpishi akaongeza, akitazama chini, kwamba kuna dobi mwingine ameonekana upande wa Rubona, na kwamba yeye mpishi angengoja hadi mwisho wa mwezi kabla ya kuhamia huko.

Mpishi alipoondoka mama alifunga khanga yake vizuri.

"Twende kwa muzungu," alisema. "Mi njo nitasema. We utafasiria."

"Anajua Kiswahili, mama."

"Basi we utanyamaza."

Tulipitia kwanza shambani, maana mama hakutaka kumtaja bibi bila ruhusa yake. Bibi alikuwa akipalilia. Alisikiliza, akapangusa jembe kwa majani, akasema, "Mimi ni mzee. Wakinifunga watalazimika kunilisha, na mimi nakula sana." Akaja nasi.

Mhandisi alikuwa na kibanda cha mabati karibu na mdomo wa handaki. Mama alisimama mbele ya meza, akakataa kiti. Alieleza yote: udongo, majani ya mgomba, mfereji chini ya majimbi, Jumatatu zote. Mhandisi alivua miwani.

"Kodi?" alisema. "Kodi ya maji? Nani alisema kuna kodi?"

"Hakuna mwenye alisema," mama alimjibu. "Njo maana tulijua."

Mhandisi alinigeukia. "Na wewe ulijua wanaziba?"

"Nilijua."

"Kwa nini hukuniuliza daftari ni la nini?"

Nilikuwa na majibu mawili au matatu mazuri, ya kumtupia lawama. Niliyaacha. "Sikuuliza," nilisema.

Aligeuza kurasa za daftari, moja baada ya nyingine. Nadhani hakukasirika kama nilivyoogopa. Alionekana mtu aliyechoka. Tatizo, alisema hatimaye, si kwamba haamini maneno yetu. Angeweza kutuamini. Lakini saruji ni nyingi na kampuni itataka namba. Kama namba za daftari ni za uongo, basi hana namba kabisa, na kila mtu kilimani anaweza kusema chemchemi yake ilikuwa mto.

"Njoo uone kwanza," mama alisema.

Alikuja. Alipanda kilima nyuma ya wanawake wale wawili, akihema, na mimi nyuma yake na ndoo. Kwenye jiwe alipiga magoti kama mtu anayesali. Alitazama udongo wa kuzibia, uliokuwa bado umeshikana kando. Alitazama jinsi mdomo wa juu ulivyoliwa na maji ya miaka mingi, ukalainika kama ndani ya bakuli, na utando wa kijani uliokuwa umekauka ukionyesha wazi maji yalifika wapi. Alipima kwa futi yake, akaandika. Akatikisa kichwa. Hii inaonyesha yalikuwa mengi, alisema, lakini mengi kiasi gani kwa dakika?

Hapo mama akasema, "Mi najua."

"Unajua kwa saa?"

"Kwa Alhamdu."

Alimweleza. Kila asubuhi, kwa miaka yote, alipanda hapa kuchota maji ya kwanza ya siku, akaweka karai lake chini ya mfereji wa gogo la mgomba uliokinga mdomo wa juu, na kusoma Alhamdu, sura ya kufungulia, aanze siku kwa jina la Mungu. Karai lilijaa alipofika mwisho wake. Si kabla, si baada. Akiwa na haraka alisoma kwa haraka, na lilibaki kupungua vidole viwili.

Mhandisi hakujua hiyo Alhamdu ni nini, nikamweleza. Akatazama saa yangu shingoni, akanyoosha mkono nikampa. Akamwomba mama asome.

Mama alikataa. Hasomi mbele ya saa, alisema; haya si mashindano. Bibi akamwambia kwa Kinyarwanda, "Wewe uliyeyaficha maji kwa mikono yako, leo unaona haya kuyaita kwa mdomo?" Mama alimtazama kwa ukali. Kisha akatugeuzia mgongo wote watatu, akainama kidogo kama alivyoinama kila asubuhi juu ya karai, na kusoma kwa sauti ya chini, si kwa haraka wala si kwa kuvuta. Mhandisi alitazama saa. Mama alipomaliza, mhandisi alingoja kidogo, akamwomba tena. Akasoma mara tatu. Mara zote tatu mshale ulisimama karibu palepale, tofauti ya pumzi moja.

Mhandisi akachukua karai la mama, akalijaza kwa ndoo yangu kuona linabeba kiasi gani, akafanya hesabu zake chini ya mgomba. Akazilinganisha na upana wa ule mdomo wa jiwe. Nilimwona akipandisha nyusi. Hakusema kitu cha kusifu. Aliandika namba mpya kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari, akatia sahihi, akamuomba mama aweke kidole gumba. Halafu akaniambia nisirudi na ndoo. Jumatatu ijayo angepanda mtu mwingine.

Sikufukuzwa kabisa. Kapita aliniomba kwenye kundi lake, nikawa mbebaji wa saruji. Kwa majuma mengi nilisukuma toroli ndani ya kilima kilekile nilichokizunguka nikiwa na shati safi. Waliujenga ufa kwa mawe na saruji pande zote, kisha wakasukuma saruji nyepesi kama uji ndani yake kwa pampu ya mkono. Kila maji yalipozibwa hapa yalichungulia pale, tukayafuata. Kapita aliyatukana kwa lugha nne. Mwishowe ukuta ulibaki na unyevu tu, kama uso wa mtu mwenye homa.

Nilidhani siku ya pili chemchemi itaruka. Mhandisi alikuwa ameonya kwamba haitakuwa hivyo: mtungi ukishamwagika hauna budi kujazwa, na anayeujaza ni mvua peke yake. Vuli ilianza. Kilima kililoa, majimbi yakasimama, vijito vya barabarani vikajaa tope, na mdomo wa juu ukabaki mkavu. Mama alipanda kila asubuhi na karai tupu. Mpishi wa mapadri aliongeza mwezi mmoja, kwa hiari yake, bila kuagizwa. Sitamsahau mtu yule.

Maji yalirudi katikati ya mvua, bila kelele. Siku moja jiwe lilikuwa na unyevu, siku iliyofuata lilikuwa na uzi wa maji, na baada ya majuma mawili mdomo wa juu ulikuwa ukimimina tena, kwa mkondo mwembamba kuliko wa zamani. Haukufika tena ulipokuwa. Mhandisi alikuja kupima mwenyewe, akasema kilima kimepata njia nyingine ambazo hakuna saruji ingezifikia, na kwamba huenda miaka ikiongezeka hali itakuwa nzuri zaidi. Mama alimsikiliza kwa adabu. Kisha akaanza kupanga kazi yake upya. Mashuka ya wazungu aliyaacha. Alibaki na kanzu za Nyundo na nguo za maarusi, na kwa maji yale ya pole alihitaji asubuhi nzima kwa kazi ambayo zamani ilikwisha kabla ya chai.

Mimi sikukaa. Kazi ya saruji iliisha, na miguu yangu, iliyokuwa imezoea kilima, haikutaka kukaa uwanjani kutazama kamba. Kapita alikuwa amesikia habari za kazi upande wa Bukavu, na lori lilikuwa linaondoka asubuhi. Nilitegemea mama atanisindikiza hadi barabarani, kama wanavyofanya mama wote. Lakini maji yalikuwa mengi kidogo alfajiri, kabla ya watu wa kilimani kuja kuchota, na asingeyaacha yapite bure.

Nikapanda mimi kumuaga. Alikuwa ameinama kwenye mfereji, kanzu nyeupe imemjaa mikononi. Aliniombea dua pale pale, ndefu, bila kusimama wima, na bibi akaitikia amina ingawa si dini yake.

"Utaandika barua?" mama aliuliza.

"Nitaandika."

"Andika kweli," alisema, na kuendelea kusugua.

Nilipofika kwenye kona ya njia niligeuka. Aliinua mkono mmoja kuniaga. Wa pili ulibaki ndani ya maji, umeshikilia kanzu isichukuliwe.